Sekunde Tatu Zilizomuua Baba Yangu

Wanaonijua wanajua kwamba kujisifu hakunipi shida, kwa hiyo mkiona nasimulia jambo la kunishushia hadhi mjue limenielemea, maana baada ya siku ile nilijifungia ndani siku nne, chakula naletewa, na nikitaka kwenda chooni nachungulia kwanza kama njia ni nyeupe.

Nilirudi Kisiba kutoka Dar na diploma yangu ya teknolojia ya habari (niliyojisomesha mwenyewe kwa kuuza vocha na kubeba mizigo, hakuna aliyenichangia), na laptop yangu, nikakaa na baba, wawili tu, kwa kuwa mama alishatangulia. Pale kijijini anayejua kuandika programu ni mimi peke yangu, na hilo halina ubishi. Sasa nikakuta chama chetu cha kuzikana bado kinatangaza misiba kwa katibu kupiga simu moja moja, wa kwanza analia, wa pili anataka kujua marehemu aliugua nini, wa tatu hapatikani. Kwetu msiba hausubiri, ukisikia tu unaacha jembe palepale shambani, wanawake wanakata ndizi, wanaume wanabeba sururu na kwenda kuchimba. Nikasimama kwenye mkutano nikasema, "Wazee wangu, nitawatengenezea mfumo. Unaandika jina la marehemu, unabonyeza, na wote wanapata ujumbe kwa pamoja, kuanzia hapa mpaka ndugu zetu wa Suma."

"Na mtandao ukisumbua?" akauliza mwenyekiti.

"Unarudia kutuma wenyewe, mwenyekiti. Mfumo wangu haukosei."

Walipiga makofi, na baba alipiga kuliko wote.

Hapa niwaeleze jambo moja. Baba na mdogo wake, baba mdogo Lusekelo wa Suma, hawajasemeshana miaka mingi kwa sababu ya mpaka wa shamba la chai. Ukimtaja, baba anasema neno lile lile: "Mwache. Siku yangu ikifika atakuja, na wa kwanza kushika sururu atakuwa yeye." Alilisema kwa utulivu kabisa, kama mtu mwenye akiba mahali.

Basi mfumo niliuandika kwa PHP, lugha ya kuandikia programu, na ndani ya PHP kuna maktaba inaitwa cURL, ambayo ni kama mtu unayemtuma: inabeba data zako kupitia mtandao mpaka kwenye kompyuta ya kampuni inayosambaza meseji, inasubiri jibu, inakurudia nalo. Wewe ndiye unayeiambia isubiri muda gani. Wenye akili huipa hata nusu dakika. Mimi, kwa kutaka siku ya kuwaonyesha wazee mambo yaende chapchap, nikaandika sekunde tatu, na nikaongeza kwamba jibu lisiporudi itume tena, mpaka mara kumi. Ni mstari mmoja tu huo, wala sikuufikiria mara mbili.

Ijumaa asubuhi baba alikwenda Tukuyu kuchukua miwani, simu ameizima kama kawaida yake ili chaji isiishe, nami nikakaa kujaribu. Fomu yangu haikubali bila jina la marehemu, tena lazima awe mwanachama. Kuandika la jirani niliona uchuro, nikaandika la baba (mimi na baba tunaelewana, nilijiambia), nikatuma kwenye namba yangu. Kioo kikaandika IMESHINDIKANA. Simu yangu ilikuwa imezimika kwenye chaji, sikuikumbuka. Nikasema labda kosa liko kwenye kutuma kwa mtu mmoja, ngoja nichague orodha nzima, kwani kama haiendi kwa mmoja itaendaje kwa wote? IMESHINDIKANA, IMESHINDIKANA, ukurasa mzima mwekundu. Nikafunga laptop nikaenda kuoga.

Kumbe kila ujumbe ulikuwa unafika. Kilichochelewa ni jibu tu, kwa mtandao wetu wa kule bondeni, na cURL ikichoka baada ya sekunde tatu ilirudi mikono mitupu, na programu yangu ikaituma tena, mpaka zikatimia kumi.

Nikiwa na povu kichwani nikasikia kilio. Nikatoka na taulo, nikakuta uani wanawake wenye mikungu ya ndizi, na Mama Neema wa jirani akaniangukia shingoni. "Gwakisa mwanangu, pole! Yaani umechanganyikiwa mpaka unaoga!"

"Mama, baba hajafa."

"Ndivyo tunavyosema wote, mwanangu."

Nikamkimbilia mwenyekiti, naye akaninyooshea simu. "Kijana, ujumbe umekuja mara kumi. Ungekuja mara moja ningesema utani." Nikampigia baba kwa simu hiyo hiyo mbele yao waamini, yule dada wa kwenye simu akasema hapatikani, basi kilio kikaanza upya. Nyuma ya nyumba, kando ya mibuni, shimo lilikuwa limeshafika magotini.

Saa nane baba akashuka kwenye bodaboda, miwani mpya usoni. Akaona mikungu na sururu.

"Nani?" akauliza.

Mwenyekiti akakohoa. "Ni wewe, mzee mwenzangu."

Wengine walicheka, wengine wakazidi kulia, na mimi nikaeleza kila kitu huku bado nimeshika taulo, maana tangu asubuhi sikupewa nafasi ya kuvaa. Baba hakunigombeza. Alizunguka akimpa mkono mmoja mmoja, "Ndaga fijo, ndaga fijo," akiwashukuru kwa kuja kumzika. Akaenda mpaka shimoni, akawatazama walioshika sururu, akarudi, akawatazama tena waliokaa. Hapo nikajua anamtafuta nani.

Nikaingia ndani nikafungua ukurasa wa ile kampuni. Mbele ya namba ya baba mdogo Lusekelo palikuwa pameandikwa IMEPOKELEWA mara kumi, ya kwanza saa nne asubuhi.

Nilipogeuka baba alikuwa mlangoni, na watu nyuma yake. "Lusekelo yumo kwenye orodha yako?"

"Yumo, baba."

"Aliupata?"

Nilifunga laptop. "Hakuupata, baba. Mfumo ulikosea."

"Si ulisema haukosei?" akasema mwenyekiti.

"Nilidanganya, mwenyekiti."

"Diploma ya kuogea hiyo!" mtu akapaza sauti, wakacheka sana, na mimi niliwaacha wacheke. Baba hakucheka. Aliwageukia akina mama wawili waliokuja kutoka Suma asubuhi ile ile kwa ujumbe ule ule, wanamenya ndizi pale uani, akawatazama kidogo.

"Mtandao wa Suma ni mbaya," akasema.

Wale akina mama wakainamia ndizi zao.

Sasa katibu amerudi kupiga simu moja moja, na sikubishana naye. Nimeongeza sekunde, nimefuta kurudia, na nimeapa sitaandika tena jina la mtu aliye hai mahali pa marehemu, hata kwa kujaribu, na wala sitaamini tena kwamba kisichojibiwa hakikufika. Shimo baba alikataa lifukiwe, akapanda mgomba humo. Jina la baba mdogo alilitaja kwa mara ya mwisho siku ile, mlangoni.