Sufuria Nilizoziosha

Uji ukifurika ukaanguka kwenye makaa, ule mvuke wenye harufu ya majivu hunirudisha kwenye karakana ya Baba pale Kiritiri, siku tanuru jipya lilipowashwa.

Baba alikuwa akiyeyusha sufuria kuukuu za alumini na kutengeneza mpya. Fundi aliyetuletea tanuru kwa lori alilikausha siku tatu kwa moto mdogo, akamwonya Baba: "Mzee, hii kitu haitaki maji. Tone moja tu, alumini yote inaruka juu." Mimi nilikuwa shuleni.

Nilichojua ni kwamba pasta anakuja kuliombea. Sasa wageni waone masizi? Asubuhi na mapema nikaziosha zile sufuria kuukuu zote, nikazipanga karibu na tanuru. Sikufikiria maji yanayojificha kwenye ukingo uliokunjwa.

Maombi yalipokwisha, alumini ilikuwa imeyeyuka, nyeupe kama maziwa mazito. Baba akachukua sufuria ya kuongezea, akainama.

"Leo hata takataka zetu zimevaa za Jumapili," akatania, na watu wakacheka.

"Ni mimi nimeziosha, Baba. Leo asubuhi."

Kicheko kikakatika. Fundi akasema polepole, "Mzee, ngoja."

Baba akanitazama, bila hasira hata kidogo. Vidole vyake vilikuwa vimeshaiachilia ile sufuria.

Siku hizi mimi ndiye humfungia vifungo vya shati kila asubuhi. Nikiruka kimoja ananicheka sana, kwa hivyo mimi huruka kimoja makusudi.