Udongo Aliouonja Bibi

Juzi nilirudi Kwihara. Mwenyekiti wa kijiji alinipigia simu mwenyewe: "Bosi, njoo utushauri mambo ya nyumba." Angemwita nani mwingine? Niliishia darasa la nne, lakini Tabora mjini matofali ya kuchoma ni mimi. Mwulize bodaboda yeyote kwangu ni wapi, atakuleta macho yamefumbwa.

Kabla ya mkutano nikasimamisha gari palipokuwa na tembe la bibi yangu.

Ndugu yangu, sijui kama uliwahi kulala kwenye tembe. Kuta nene za udongo, paa bapa la miti na udongo, ndani ubaridi hata jua la mwezi wa kumi likiwaka. Mlikuwa na harufu ya moshi, michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, na asali. Kila mwaka kabla ya mvua paa lilisilibwa upya, na siku hiyo hapakuwa na asiye na kazi. Wanaume juu, wanawake wakikanda udongo kwa miguu huku wanaimba, sisi watoto na vibuyu vya maji. Jioni ugali, uyoga wa porini na togwa. Kesho yake, wote kwa jirani.

Udongo ulitoka kichuguuni, ila si kichuguu chochote. Bibi aliuonja. Aliutafuna kwa meno ya mbele, akatema: "Huu utavuja. Twende kingine." Jirani akamtania, "Mama we, utatumalizia vichuguu, mchwa walale wapi?" Bibi akaniita, "Njoo uonje, mume wangu. Siku moja watakuuliza." Nikakimbia. Nilitaka michembe, si udongo.

Nilipopata fedha nikamfanyia bibi jambo ambalo hakuna mjukuu mwingine hapa aliyeweza: nilibomoa tembe, nikamjengea nyumba ya matofali ya kuchoma na bati jekundu. Kijiji kizima kilikuja kushangaa. Kuni za tanuri nilizikata palepale porini, uyoga ulikoota na mizinga ya nyuki ilikoning'inia.

"Wabeja, mume wangu," aliniambia, yaani ahsante. Kisha akahamishia mkeka wake nje, upande wa kivuli, maana ndani bati lilimchoma. Hakulalamika hata siku moja. Alifia juu ya mkeka ule, mgongo kauegemeza kwenye ukuta wangu.

Mkutanoni mwenyekiti akaeleza mpango wao. Miti ya kuchomea matofali imekwisha, vijana wanakimbilia mjini kukaa vijiweni. Sasa wanataka kurudia nyumba za udongo, vijana wapate kazi ya kuzijenga na kuzitunza kila mwaka. Binti mmoja akasimama.

"Shikamoo mzee. Udongo wa paa tunauchaguaje?"

"Marahaba. Mnauonja."

"Tukiuonja tusikie ladha gani?"

Mimi, fundi mkubwa, nikamgeukia jirani yetu wa zamani, sasa mzee wa mkongojo. Akatikisa kichwa. "Mimi usiniangalie, mwanangu. Tulimwachia bibi yako. Sisi tulikuwa tunabeba tu."

Mkutano ukavunjika. Nikarudi hadi nyuma ya nyumba ya bati jekundu, kwenye kichuguu kimoja kilichobaki. Nikamega, nikatafuna kwa meno ya mbele kama yeye. Nikangoja.

Nikamega tena. Ulikuwa udongo tu.