Nyayo za Unga Mlangoni kwa Ba

Niliondoka Ilomba kwa sababu ya ubishi. Jigna, rafiki yangu wa chuo, alinialika Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, kwao Iringa, nikamuuliza mungu wa neema ana haja gani ya taa ili aione nyumba. Akaniambia nije nimuulize Ba, bibi yake, tena niwahi. Kaka yake Jigna, Kiran, alitaka kumhamishia Ba Dar, na huenda hiyo ingekuwa Diwali ya mwisho katika nyumba ile.

Igawa, basi liliposimama, nilinunua mchele wa Ubaruku dirishani. Zawadi ya chakula, nilijiambia, haina dini.

Iringa nilifika mchana, baridi ikiuma. Ba aliunusa mchele, akausifu, nusu akaupika, nusu akausaga. Unga ule ulikuwa wa kuchorea nyayo za Lakshmi, huyo mungu wa neema, akiingia nyumbani. Unachovya ubavu wa ngumi kwenye unga uliokorogwa na maji, unagonga sakafuni, kisha unadonoa vidole vya mguu kwa ncha za vidole vyako. Nikaomba nichore mimi.

Jioni, taa za udongo zikiwaka barazani, alikuja Mama Zuhura, jirani Mwislamu, na sahani tupu ya kuchukulia ladu, vitamu vya sikukuu, kama kila mwaka. Akaishia mlangoni, akicheka.

"Ba, leo mgeni wako anatoka?"

Nikatazama. Nilikuwa nimeanzia ndani. Vidole vyote vilielekea barabarani.

"Umeona, Ba?" Kiran akadakia. "Hata Lakshmi ameshafunga mizigo ya Dar."

Ba hakucheka. Alipiga magoti kwa shida, akazifuta nyayo moja moja kwa kitambaa. Nilimwomba radhi, kisha, kwa ubishi wangu, nikasema mungu hawezi kupotezwa njia na unga.

"Hawezi," alisema, akigonga ngumi upya, vidole vikielekea ndani. "Lakini Kiran naye anaziona." Akamgeukia Kiran. "Mimi, mjukuu wangu, humu nitatoka nikibebwa."

Kiran akalishika bakuli la unga, akawa anamsogezea bibi yake mpaka sebuleni.

Asubuhi, nikiaga, nilimkuta Kiran juu ya ngazi akipima bati linalovuja, lile ambalo jana alisema halina haja ya kutengenezwa. Nilitoka nikiziruka nyayo.

Nimerudi Ilomba na bado siamini kwamba Lakshmi alipita mtaa ule. Ila nilikuwa nimedhani taa na nyayo huwekwa kwa ajili ya anayekuja tu. Ba aliziweka pia kwa ajili ya aliyetaka kumtoa.