Kampala enzi za wanajeshi: nilivyorusha ndege ya rimoti nikiwa nimelala nyuma ya kichuguu

Wakuu, nawasalimu nyote, mlioko ofisini mnajifanya mnafanya kazi na mlioko kitandani mnajifanya mnaumwa.

Jana nilikuwa nasoma uzi wa kijana mmoja humu analia kwamba anazungushwa ofisi hadi ofisi akitafuta kibali cha kurusha drone. Nikacheka peke yangu mpaka mke wangu akatoka jikoni kuja kuangalia kama niko sawa.

Kijana, pole sana. Lakini ngoja nikusimulie kibali chetu sisi kilivyopatikana. Sitaongeza chumvi, maana kisa chenyewe kina chumvi ya kutosha.

Mimi ni Mkenya, Mkamba wa Machakos. Miaka ya sabini nilikuwa Kampala, fundi wa redio kwenye duka moja mjini, nimepanga chumba Mengo.

Nchi ilikuwa mikononi mwa wanajeshi. Wa rika langu hawahitaji maelezo. Kwa nyinyi vijana: zilikuwa zama ambazo gari likisimama kwa jirani na wakashuka watu wenye miwani ya jua, mtaa mzima unakumbuka ghafla kwamba nyuma ya nyumba kuna kuku wa kulisha.

Basi katika hali hiyo hiyo sisi tulikuwa na klabu ya ndege ndogo za rimoti.

Ndiyo, rimoti, miaka hiyo. Msishangae kama vile tulikuwa tunaishi mapangoni.

Klabu ilianzishwa na Wahindi wenye maduka. Walipofukuzwa nchini, mmoja wao, Bwana Harish, aliyekuwa bosi wangu, alituachia ndege moja na rimoti mbili. Alilia zaidi kuiaga ile ndege kuliko kuniaga mimi, na mimi nilikuwa nimemfanyia kazi miaka.

Rimoti moja ilikuwa nzima. Ya pili ilikufa, na ufundi wangu wote ulishindwa kuifufua. Ikumbukeni hiyo maiti, ina kazi huko mbele.

Wanachama tulibaki watatu.

Mwalimu Ssalongo, Muganda, alifundisha useremala shule moja pale Mengo. Ssalongo ni jina la heshima ambalo Waganda humpa baba wa mapacha. Yeye ndiye alikuwa rubani hasa. Ndege ikiwa mikononi mwake unasahau kwamba ni mbao na karatasi.

Koplo Drate, polisi, mtu wa Arua. Kurusha hakujua na hakutaka kujua. Kazi yake klabuni ilikuwa kuvaa yunifomu na kusimama pale, ili watu wakituona wadhani tuna ruhusa.

Na mimi, fundi. Redio niliijua nje ndani, lakini kwenye kurusha nilikuwa mtu wa kubahatisha. Miti ya upande ule ilikuwa inanijua.

Tulirusha Jumapili mchana, uwanja wa malisho uliokuwa ng'ambo ya Kasubi.

(Mafuta ya injini tulichanganya spiriti na mafuta ya mbarika, yale ambayo watoto hunyweshwa wakifunga choo. Mwalimu ndiye alikuwa ananunua. Muuza dawa alikuwa anamtazama kwa huruma, akidhani familia nzima ina matatizo.)

Sasa kuna sheria moja ya klabu lazima niwaeleze, maana bila hiyo nisingekuwa hapa nawasumbua.

Kila anayerusha lazima atangaze kwa sauti kabla ya kugusa chochote. "Napanda!" "Nageuka kushoto!" "Natua!" Yaani unasema kwanza, halafu ndiyo unafanya. Ile ndege ina pangapanga mbele, na ikija usoni kwako unapenda kuwa umejulishwa mapema.

Mwalimu alikuwa mkali kwa hilo kuliko alivyokuwa mkali kwa wanafunzi wake. Ukigeuza bila kutangaza, unakaa chini mpaka Jumapili nyingine.

Sasa tuingie kwenye kisa.

Jumapili moja ndege iko juu, tukaona jeep ya jeshi inakata majani kuja kwetu. Akashuka Kapteni mmoja mrefu na askari wake. Kuna mtu alikuwa amepeleka habari kwamba kuna kitu kinanguruma angani.

Drate akapiga saluti mpaka kofia ikamdondoka.

"Nyinyi nafanya nini hapa?" Kapteni akauliza.

"Afande, hii ni muchezo tu, ssebo," Mwalimu akajibu (ssebo ni "bwana" kwa Kiganda). "Sisi nalusha ndege kidogo."

"Nani iko ndani?"

"Hakuna mutu, ssebo."

"Sasa nani naendesha?"

Mwalimu akaonyesha rimoti. Kapteni akaiangalia rimoti, akaangalia juu, akaiangalia tena rimoti. Mimi nilikuwa nimeshaanza kusali, lakini nikaona uso wa yule bwana umebadilika. Alitamani. Alitamani vibaya sana.

Akanyoosha mkono akaichukua.

Ndege ikaingia moja kwa moja kwenye shamba la matooke, ndizi za kupika, la bibi mmoja. Kapteni akamrudishia Mwalimu rimoti kwa hasira kidogo. "Hii ndege yenu hapana sikia amri," akasema, akaondoka.

Tukajua tumepona. Tukaokota vipande, Mwalimu akaviunga na gundi yake ya shuleni.

Katikati ya wiki Kapteni akaja dukani kwetu. Wateja wote wakakumbuka wana shughuli kwingine. Hata bosi mpya, aliyepewa duka baada ya Bwana Harish kufukuzwa, akakumbuka.

Akaegemea kaunta. "Jumapili Kanali nakuja kuona ile ndege. Mimi nimeambia yeye naendesha mimi. Mwalimu atasimama karibu na mimi. Ikianguka, Mwalimu ndiye ataeleza."

Kueleza wapi hakusema, na sikuuliza. Kila mtu Kampala alijua watu walikuwa wanapelekwa wapi kueleza, na wengi wao walikuwa hawajamaliza kueleza mpaka leo.

Jioni ile nilikwenda kwa Mwalimu. Mapacha wake walikuwa wanakimbizana sebuleni, mkewe akanikaribisha chakula. Nilipomwambia, Mwalimu akasema, "Banange, jamani, yule mutu kufundisha kulusha kwa siku hizi chache, hata malaika hawezi."

Ndipo nikakumbuka ile maiti.

Mpango ukawa huu: Kapteni apewe rimoti iliyokufa. Ile nzima ashike mtu aliyejificha nyuma ya kichuguu kikubwa kilichokuwa pembeni ya uwanja.

Mtu huyo angekuwa Mwalimu, sawa? Lakini Mwalimu ameamriwa asimame na Kapteni. Drate alisema yeye bora aache kazi ya polisi. Wakuu, nikabaki mimi. Mtu wa kubahatisha. Baba wa mapacha yuko mikononi mwangu, na mikono yenyewe ndiyo hii.

Na nitajuaje Kapteni amesukuma kijiti cha rimoti upande gani? Ndiyo hapo sheria yetu ilipotuokoa. Mwalimu alikwenda kwa Kapteni akamweleza kwa heshima zote kwamba ndege ile haisikii mpaka utangaze kwanza, kwa nguvu, halafu ndiyo ukigusa kijiti inatii. Kapteni akaipenda kweli sheria hiyo. Alikuwa mwanajeshi, na kupaza amri ndiyo ilikuwa kazi yake.

Jumapili nikalala nyuma ya kichuguu mapema. Ndani ya dakika chache nikagundua kichuguu kina wenyewe, na wenyewe wana askari wao pia. Waling'ata sehemu ambazo sitazitaja, humu kuna wakwe zetu.

Kanali akafika na msafara na kreti ya soda. Mtu mnene, mtulivu, asiyesema. Waliomzunguka ndio walikuwa wanacheka kwa niaba yake.

Kapteni akashika ile maiti, akapanua miguu. "Napanda!"

Nikapandisha. Ikapanda vizuri kabisa, mwenyewe sikuamini.

"Nageuka kulia!" Nikageuza. "Nageuka kushoto!" Nikageuza. Watu wakapiga makofi. Mwalimu alikuwa ameganda kama amepigwa picha.

Basi makofi yakamlevya yule bwana. "Napanda! Napanda tena! Tena!" Mimi napandisha tu, ndege imekuwa kama inzi, jua liko machoni, mchwa wako kiunoni. Kidogo tu niipoteze. Bahati nzuri akaishiwa na pumzi akasema, "Narudi chini," nikashukuru Mungu kwa Kikamba.

Nikasema yamekwisha, imebaki kutua tu.

Hapo Kanali akanyoosha mkono. "Leta."

Wakuu, Kanali hatangazi. Kanali hasemi kabisa. Alishika rimoti, anasukuma vijiti kimya kimya, na mimi nauona mgongo wake tu.

Ndege ikawa inakwenda moja kwa moja. Uwanja ukaisha. Kasubi ile pale. Ikienda mbali zaidi, redio haifiki tena na inaanguka popote.

Mwalimu akajaribu. "Afande, sheria ya klabu..." Kanali akamgeukia, na Mwalimu akameza maneno yaliyobaki.

Mara nikasikia sauti ya Kapteni, sauti ya gwaride kabisa: "Kanali anageuka kushoto!"

Nikageuza mara moja. Ndege ikarudi.

"Kanali anapanda!" Nikapandisha. "Kanali anazunguka uwanja!" Nikazungusha. Moyoni nikasema, duh, huyu bwana anajua kujipendekeza. Lakini nilimpenda kwa kujipendekeza huko.

Ikafika wakati Kanali akaona kiu. Akaweka rimoti juu ya boneti ya jeep, akachukua soda.

Mimi sikuona. Niliambiwa izunguke, nikaendelea kuzungusha.

Kanali akanywa, akaangalia juu. Ndege inazunguka kwa raha zake. Akaangalia rimoti iliyolala juu ya boneti. Akaangalia tena juu. Drate aliniambia baadaye kwamba hapo yeye alikuwa tayari anapima umbali mpaka mpakani.

Kapteni akakaza kisigino. "Afande, ilishapewa amri. Ikipewa amri haiwezi kubadilisha mpaka ipewe ingine."

Kanali akawaza. Halafu akawageukia askari wake wote, akanyoosha chupa kuelekea angani. "Nyinyi naona? Hiyo ndiyo nidhamu."

"Kanali anatua!" Kapteni akapaza haraka, kabla mzee hajawaza zaidi. Nikaitua. Ikadunda, ikadunda tena, ikasimama karibu na buti za Kanali. Mafuta ya mbarika yakamrukia suruali, akayafuta kwa kidole, akanusa, na nadhani alikumbuka utoto wake.

Wakati wa kuondoka alichukua ile rimoti mfu akaiweka kwapani. "Hii yangu." Nani abishe? Akapanda gari, halafu akatuangalia, mimi simo, yaani hao waliokuwa wamesimama, akasema, "Endeleeni."

Kijana wa drone, hicho ndicho kilikuwa kibali chetu. Hakikuwa na muhuri.

Msafara ukaondoka. Kapteni akabaki, akatembea peke yake kuja upande wangu kama mtu anayetafuta pa kujisaidia. Nikajibana kwenye udongo, sipumui.

Akasimama upande wa pili wa kichuguu, anaangalia milima.

"Wewe Mukenya. Ile chuma yako ndefu nametameta na jua. Tangu mwanzo mimi naona."

Nikaivuta antena ya rimoti ndani, kama vile bado inasaidia.

Akaweka soda juu ya kichuguu. "Wiki yote mimi hapana lala. Nilidanganya Kanali. Mimi pia iko na watoto." Akaenda zake.

Nikabaki pale na mchwa wangu, nikaanza kupanga mambo kichwani. Zile kelele za "Kanali anageuka kushoto" hazikuwa za kumsifu Kanali. Zilikuwa za kuniongoza mimi. Siku zote hizo sisi tulikuwa tunamwogopa yeye, na yeye alikuwa analala macho kama Mwalimu, kwa sababu ile ile.

Ile soda niliinywa nikiwa nimelala hapo hapo.

Baada ya hapo Kapteni akawa anakuja Jumapili bila yunifomu, na Mwalimu akamfundisha kwa rimoti nzima. Hakujua kurusha mpaka mwisho, yule bibi wa matooke alikuwa akiisikia jeep anatoka kabisa kusubiri. Lakini hakuwahi kusahau kutangaza. Hata akiwa anaanguka alikuwa anatangaza: "Naanguka!"

Halafu Jumapili moja hakuja. Wala iliyofuata. Drate aliuliza kambini mara moja, akaambiwa kwa upole asiulize tena. Mwaka ule ule mimi nikarudi Machakos. Bado namkumbuka, na hunijia huzuni nisiyoitegemea, hasa nikiona watoto wanarusha vishada.

Nilichojifunza ni kwamba mtu anayekutisha, mwangalie vizuri, huenda na yeye kuna anayemtetemesha. Na ukipata nafasi ya kumpazia sauti mwenzako aliyelala kwenye mchwa, mpazie.

Haya, wazee wa Kampala ya enzi hizo mko wapi? Na wenye drone, mtuambie vibali vyenu vimewatesa kiasi gani, tulinganishe.

Na kama humu kuna mjukuu wa Kanali ambaye kwao kuna rimoti kuukuu ukutani, na hadithi ya babu aliyerusha ndege huku anakunywa soda: mjukuu, babu yako alirusha kweli. Iache hapo hapo ukutani.