Jaruba la Mkuu wa Kituo

Wanaonifahamu husema mimi ni mtu mpole. Ni kweli, isipokuwa kwa mtu mmoja. Alistaafu zamani, nasikia siku hizi anafuga kuku. Nami kila nikila wali humkumbuka, na wali hunoga zaidi.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada, viatu vya soli nene, na imani kwamba Usukuma mzima ulikuwa unaningoja. Nikapangiwa kituo kidogo cha utafiti kwenye mbuga za udongo mweusi, upande wa Shinyanga. Kazi yangu ilikuwa kuuozesha mpunga wa kienyeji kwa mpunga pori, ili ipatikane mbegu mpya. Huo ni ule unaoota wenyewe kwenye madimbwi, una ndevu ndefu, na ukianza kuiva tu humwaga punje zake matopeni kabla mtu hajafika na kisu. Kila mwenye jaruba la mpunga anauchukia. Lakini mvua zikikatika, mpunga wa watu hukauka na ule wa pori hubaki kijani, haujali. Ukaidi huo ndio niliotaka uingie kwenye mpunga wa kula.

Basi kila asubuhi niliinama jarubani na mkasi mdogo na kibano. Nilikata ncha ya kila ua, nikatoa sehemu za dume moja moja, nikanyunyiza chavua ya mpunga pori, nikafunika suke kwa mfuko wa karatasi. Wapita njia waliniita Bwana Magugu. Karibu ndoa zote hizo zilivunjika, punje zikasinyaa zikiwa changa. Misimu kadhaa ikapita ndipo nikapata watoto wachache walioota. Walikuwa warefu na wabishi, ila ndevu zao zilikuwa fupi, kama za kijana wa sekondari anayejitahidi. Nilikuwa sijaoa bado, na nadhani ilionekana.

Mkuu wa kituo hakuwa na habari na ndevu. Alikotoka ni migombani, na mpunga aliujua ukiwa umeshafika sahanini. Alipenda vitu vinavyong'aa: viatu, kengele ya baiskeli, mashamba yasiyo na jani la ziada.

"Taifa limekusomesha ili uje upande magugu?" alikuwa akiniuliza mbele ya watu.

Siku moja nilidandia lori hadi upande wa Geita, kutafuta aina nyingine ya mpunga pori kwenye madimbwi ya Rwamgasa. Wachimbaji waliniuliza kama natafuta dhahabu. Nilipowaeleza ninachotafuta, wakanionea huruma, wakanipa chai.

Niliporudi, jaruba langu lilikuwa tupu. Mgeni alikuwa anakuja kutoka mkoani, kwa hiyo mkuu aliita kikundi cha kulima kije kusafisha. Vikundi vya kule hulima kwa ngoma na nyimbo, na kikundi kikiacha hata gugu moja nyuma yake, kikundi pinzani hukitungia wimbo wa kukizomea mwaka mzima. Kwa hiyo hawakuacha kitu. Waling'oa mpunga pori wangu wote, na watoto wangu pia.

Nikamfokea manju, yule mama aliyekuwa akiongoza nyimbo zao.

"Mwanangu," alisema, jembe begani, "mpunga pori tunaujua tangu tumboni. Tulimwambia mkuu, labda huu una mwenyewe. Akasema ng'oeni."

Mkuu alikuwa amesimama palepale. "Usiwalaumu," aliniambia. "Hawa hawajasoma. Hawajui wanachong'oa."

Manju alimtazama kama mtu anayepima kitambaa.

Niliuliza mimea iko wapi. Mkuu akaonyesha kwa kidole bonde la chini, kwenye jaruba lake mwenyewe. "Wametupa kule. Itaoza, nipate mbolea."

Wiki nzima nilipanga kisasi. Chuo kikuu hawakufundisha somo hilo, na kikubwa nilichobuni ni kutoa upepo kwenye matairi ya baiskeli yake. Hata hilo sikulifanya.

Lakini mpunga pori hauozi. Ukiutupa kwenye tope, mizizi yake hutambaa chini kwa chini na kuchipua. Mvua zilipokolea, nilipita kando ya jaruba la mkuu nikauona umesimama juu ya mpunga wake kama askari. Na kwenye kona, karibu na mfereji, shina moja lilikuwa tofauti. Lilikuwa limewahi kutoa suke kabla ya mengine yote. Ndevu fupi.

Nilichutama nikaligusa kuhakikisha. Lakini ningemwomba vipi? Akijua lina thamani, atalikata kunikomoa, au atalipeleka mkoani kwa jina lake. Nikanyamaza, na kila siku nikapata sababu ya kupita njia ile.

Palizi ikafika. Mkuu akaita kikundi kilekile.

"Mwangaluka, mkuu," manju alimsalimu kwa adabu nyingi mno. "Sisi hatujasoma. Tusije tukang'oa cha kitaalamu. Tuonyeshe, kipi tung'oe, kipi tuache?"

Mkuu akatazama jaruba. Akaona mmea mrefu wa kijani kibichi, na chini yake mfupi, umepauka kwa kukosa jua.

"Huu mrefu ndio mpunga bora," alisema. "Hii dhaifu toeni. Au vipi, mtaalamu?"

Wote wakanigeukia.

"Mkuu amesema," nikajibu.

Ngoma ikalia. Waling'oa mpunga wake wote na kuacha ndevu zikipepea. Bonde zima lilijua. Mkuu alileta wageni wautazame mpunga wake ulivyo na nguvu.

Siku ya kuvuna alikuja na visu, magunia, na mke wake. Waliposhika masuke, yalikuwa makapi. Punje zilikuwa matopeni, na ndege wameshashiba. Kikundi kilikuwa jaruba la jirani, na manju akaanzisha:

"Kalima ndevu, kalima ndevu, mama leta kinyozi!"

Hata mke wake alicheka, akiwa ameziba mdomo kwa khanga.

Mkuu akanivamia mbele ya watu wote. "Haya ni magugu yako! Yang'oe, uondoke nayo, nisione hata moja!"

"Ndiyo, mkuu," nikasema.

Sijawahi kutii amri kwa haraka vile. Nilianza na kona ya mfereji. Nilichimba shina la ndevu fupi pamoja na udongo wake, nikalitia kwenye karai, nikalibeba kichwani nikimpita yeye karibu kiasi cha kumgusa.

Watoto wa shina lile hawakunipa sifa. Wajukuu wake, baada ya kuozeshwa tena na tena kwa mpunga wa kula, walistahimili kiangazi vizuri, ingawa ladha yao ilikuwa ya kawaida tu. Wakulima wa bonde walikuja kuomba mbegu, nikawapa. Manju nilimpa wa kwanza.

Mwaka mmoja mvua zilikatika mapema, na mkuu naye akaja, kofia mkononi.

"Bwana mdogo," alisema, "nasikia una mbegu."

Nilimwambia aende akaulize kikundi cha kulima. Wao ndio wanaojua cha kung'oa na cha kuacha.