Nywila ya Mama Mafaili

Mama Mafaili hakuwa mtu wa kusahau. Karani yule wa masjala ya zahanati alijua namba za kadi za wagonjwa kuliko wenyewe. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hata kompyuta zilipoletwa uzeeni mwake, alizimudu.

Zahanati ikahamia jengo jipya. Asubuhi ya kwanza tu, balaa. Mafaili yote yamo kwenye seva ya makao makuu, na kila akiandika nywila, jibu ni lile lile: umekataliwa. Nje wagonjwa wanakohoa, wanasonya. Akampigia fundi wa seva, ambaye si mwingine ila mtoto wa kaka yake, aliyemlea mwenyewe tangu kaka alipofariki.

"Shangazi, andika taratibu. Labda kidole kinagusa herufi mbili."

"Nimeandika taratibu, baba."

"Mimi nimekaa hapa mbele ya seva, nimeweka nywila hiyo hiyo, imefungua. Tatizo liko kwako."

Haya, likawa lake! Aliandika tena na tena, mkuu wa zahanati kamsimamia mgongoni akifoka. Wiki haijaisha, akapewa barua: umri umemtupa mkono, amesahau nywila, akapumzike. Na alibakiza mwaka mmoja tu astaafu kwa heshima zake. Alilia, nisikufiche. Akaanza hata kujishuku akili.

Siku chache baadaye yule mtoto wa kaka akaja kumpa pole. Alikula akashiba, macho hayabanduki kwenye sahani.

Kesho yake Mama Mafaili akaenda kurudisha funguo za kabati. Akamkuta binti mgeni kwenye kiti chake, mafaili yamefunguka tele kwenye kioo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Walikubadilishia nywila?"

"Hapana, ni ile ile uliyoiacha. Hata mimi ilinikataa mwanzoni, fundi wa seva akaja kukagua. Kumbe seva haitazami nywila peke yake, inatazama na unakotokea. Kwa sisi tulio mbali nayo, ilikuwa imeandikiwa ipokee jengo la zamani tu. Fundi alisahau kuandikisha hili. Si walikwambia?"

Hawakumwambia. Alitoka mpaka ukumbini, akapiga simu.

"Jana ulipokula kwangu, ulikuwa unajua?"

"Shangazi, nikisema watanifukuza mimi. Nina watoto."

"Na mimi nilipokulea nilikuwa na nini?"

"Basi tuyamalize nyumbani, shangazi. Nakuja jioni."

Kikulacho ki nguoni mwako, jamani! Mama Mafaili alirudi kwake, akapika chakula cha mtu mmoja.

Jioni hodi ikabishwa. "Shangazi, ni mimi." Akabisha tena. "Shangazi, ni mimi mwanao!"

Sauti aliitambua vizuri sana, hakuwa mtu wa kusahau. Aliendelea kula, na mlango hakuufungua.