Ufunguo Ulioachwa Kasumbalesa

Kama kuna mwanamume aliyefunga ndoa na ufunguo wa lori, basi ni Edouard Nkandu wa Lubumbashi. Aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, akala nao, akalala nao, na hata Jumapili alipopokea komunyo, padri aliuona ukining'inia juu ya shati la kanisani. Ukimuuliza kisa, atakusimulia habari za mwenzake mmoja aliyemwachia gari zamani, mara moja tu, akarudi akakuta matairi ya akiba yameota miguu. Tangu siku hiyo, njiani hakumwamini mtu. Alijipikia mwenyewe kando ya lori lake, na salamu za madereva wenzake alizijibu kwa kidevu.

Msimhukumu upesi. Mkewe alifariki binti yao Sephora akiwa bado ananyonya, na Edouard akamlea mtoto huyo kwa mshahara wa lori, maana yake kwa kutokuwepo nyumbani. Komunyo ya kwanza ya Sephora ilimkuta baba mtu Zambia. Siku binti alipopata diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, mtaa mzima uliimba, na kama ilivyo desturi yetu, mshindi akamwagiwa poda nyeupe kichwani mpaka akafanana na mtu aliyeangukia gunia la unga. Poda ile aliimwaga jirani. Edouard alikuwa kwenye foleni ya mpakani, akaiona sherehe kwa picha ya simu. Aliitazama sana picha ile, kisha akaapa kwamba poda ya chuo kikuu ataimwaga kwa mkono wake mwenyewe.

Basi asubuhi moja alikuwa Kasumbalesa, mpakani, amepakia shaba ya kwenda Zambia, na malori yamepangana hadi macho yanachoka. Simu ikalia.

"Papa," Sephora akasema, "soutenance yangu, kutetea kazi yangu mbele ya maprofesa, haiko tena juma inayokuya. Professeur anasafiri. Banaiweka leo mchana, kisha midi."

"Leo?"

"Leo, papa. Lakini usisumbuke, najua uko mu foleni. Nitakutumia picha."

Neno hilo, picha, lilimchoma Edouard kuliko kama binti angelia. Akashuka garini, akaanza kulizunguka lori lake kama kuku anayetafuta pa kutaga. Foleni ina sheria yake, haikuandikwa popote na kila dereva anaijua: gari lisiposogea, la nyuma linapita, na likishapitwa, linarudi mkiani. Ukirudi mkiani umepoteza siku ambazo mwenye lori hatakusamehe. Na nani angelilinda shaba ya watu?

Nyuma yake lilisimama lori la bluu. Dereva wake, Mzambia mwembamba aliyekuwa akitafuna karanga, alikuwa amemtazama muda wote. Kiswahili chake alikiokota hapa hapa kwenye foleni.

"Bamudala," akamwita, kwa heshima wanayopewa wazee kule kwao, "kuko kilio?"

"Hapana. Mutoto yangu anamaliza université leo, kule Kasapa. Na mimi niko hapa."

"Sasa unazunguka nini? Nipe ufunguo. Foleni ikitembea, nitasogeza ya kwako."

Edouard akajishika kifuani. Karibu naye Mama Victorine, muuza bukari, yaani ugali, na samaki, akaweka chini mbabula yake, lile jiko la makaa alilolibeba kila siku kupita mbele ya lori hili bila kuuza hata tonge.

"Papa, haujanunua chakula yangu hata siku moja," akasema. "Lakini enda tu. Nitapikia hapa, karibu na pneu za nyuma," akayaonyesha matairi kwa kidole. " Mwizi akikuya, nitamumwangia maji ya moto."

Edouard akauvua ufunguo, akamkabidhi Mzambia. Ungemwona ungedhani anang'olewa jino.

Hakuwa amefika mbali, akaitwa tena. Jean-Claude, kijana anayebadilisha pesa kando ya barabara, alikuwa amesikia yote na tayari alikuwa anavua koti lake jeusi. "Papa, utaingia mbele ya maprofesa na hiyo shati ya mafuta? Kamata veste yangu. Utairudisha." Mzee wa kidevu alilazimika kutumia mdomo. Alisema aksanti, akairudia, akapanda teksi.

Njia nzima roho yake ilikuwa Kasumbalesa. Alitaka kumwambia dereva ageuze, akaikumbuka ile picha, akamwambia aongeze mwendo.

Kasapa alikaa nyuma kabisa ya chumba. Kifaransa kile cha wasomi kilimpita juu ya kichwa, lakini makofi aliyaelewa. Nje, chini ya jua, akafungua kopo la poda alilonunua getini na kumwagia binti yake kichwani, mabegani, akajimwagia na yeye, akalia waziwazi mbele ya watu. Sephora akapangusa macho, akamtazama baba yake, na kicheko chake kikakatika.

"Papa, ufunguo iko wapi?"

"Nilimuachia muntu."

"Muntu gani?"

"Muzambia moja."

"Jina yake nani?"

Hakulijua! Sephora aliyemfahamu baba huyu maisha yake yote akaelewa mara moja alichopewa siku ile, akamkumbatia na kulia kwenye lile koti la kuazima mpaka poda ikawa uji.

Kesho yake asubuhi Edouard alirudi na bakuli la kuku wa sherehe. Jean-Claude alipolipokea koti lake, limegeuka jeupe, alimzuia asilipanguse. "Leka, papa. Hiyo ni baraka." Wahenga walisema asiyekujua hakuthamini. Pale Kasumbalesa, jamani, walikosea.

Lakini alipofika mahali pake, alikuta pana lori lingine. Akakimbia kandokando ya foleni, mikono imekumbatia bakuli, akilaani ujinga wake, hadi karibu kabisa na kizuizi cha mpaka, na hapo akaliona lori lake, zima, na moshi wa mbabula ukipanda kando ya matairi ya nyuma.

"Tulihama," Mama Victorine akasema, akifungua pindo la kitenge na kutoa ufunguo alioachiwa na Mzambia. "Na sufuria yangu ku kichwa."

"Na Muzambia iko wapi?"

Mama Victorine akaonyesha nyuma kwa mwiko. "Foleni ilitembea mbio, papa. Muntu moja haweze kuendesha gari mbili. Alisogeza ya kwako. Ya kwake, banaipita."

Edouard akamwomba amlindie lori kwa mara nyingine, akatembea. Alipita lori baada ya lori, bakuli mkononi, hadi mkiani kabisa, akamkuta mtu wake ameketi kwenye ngazi ya lori la bluu. Akaketi karibu naye, akafunua kuku. Wakala bila haraka.

"Juu ya nini ulifanya vile?" Edouard akauliza hatimaye.

"Mutoto yangu wa kwanza aliolewa wakati niko mu foleni, hapa hapa," mtu yule akasema. "Dereva moja aliniambia, nipe ufunguo, enda. Nilikatala." Akatazama kucha za Edouard, bado zina weupe wa poda. "Uliimwaga?"

"Niliimwaga."

"Muzuri."

Edouard akajifuta mikono kwenye suruali. "Jina yako nani?"

"Chomba."

Edouard akatoa simu, akampigia binti yake. "Sephora? Ule muntu. Jina yake ni Chomba."

"Mupe simu, papa," akasema Sephora.

Na Edouard, ambaye simu yake haijawahi kuguswa na mkono wa mtu mwingine njiani, akampa.